Jina Lililouzwa na Hundi Zilizorudishwa: Uchambuzi wa Kisa cha Fiesta Bowl

Mfanyakazi wa Fiesta Bowl, shirika linaloandaa mchezo wa futiboli ya Kimarekani jimboni Arizona, anaombwa na wakubwa wake aandike hundi kutoka akaunti yake binafsi kuchangia kampeni ya mgombea fulani wa siasa. Baada ya muda analipwa bonasi inayofidia alichokitoa, na katika vitabu vya hesabu malipo hayo yanasomeka kuwa zawadi ya kazi nzuri. Hundi hizo, ukizitazama moja moja, zilikuwa ndogo. Zilipojumlishwa zilifikia angalau dola 46,539, nazo ndizo zilizomfikisha gerezani John Junker, mtu aliyeliongoza shirika hilo kwa takriban miaka 20 na kulifanya liwe miongoni mwa majina makubwa katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani.

Wengi walikisimulia kisa hiki kama habari ya kiongozi mmoja aliyelewa fedha. Sipingi kwamba Junker alikosa. Yeye mwenyewe alikiri mahakamani. Lakini nimekirudia mara nyingi, na kila ninapokirudia naona kwamba uzito wake uko mahali pengine. Kila mwaka kampuni ya biashara ililipa mamilioni ili jina lake litamkwe pamoja na jina la mchezo. Fedha hizo ziliingia katika shirika lisilo na mwenyewe, likaongozwa na watu waliofahamiana vizuri mno, na hapakuwa na hata mmoja kati ya waliolipa, waliolipwa au waliocheza aliyekuwa na haki au hamu ya kuuliza zimetumikaje. Hilo ndilo nitakalolifuata hapa.

Kwa msomaji ambaye hajaufuatilia mchezo huu, maelezo machache ni ya lazima. Boli ni mchezo wa ziada unaochezwa baada ya ratiba ya kawaida kwisha, mwezi wa Desemba au mwanzoni mwa Januari, baina ya timu mbili za vyuo zilizofanya vizuri katika msimu. Neno hilo limetokana na viwanja vyenye umbo la bakuli, na hasa uwanja wa Rose Bowl wa Pasadena, California, uliofunguliwa mwaka 1922, ingawa mchezo wa kwanza wa Pasadena ulichezwa mwaka 1902, Michigan ilipoishinda Stanford 49 kwa 0. Katika miaka ya 1930 miji mingine yenye majira ya baridi yasiyo makali, kama Miami, New Orleans na Dallas, ilianzisha michezo ya aina hiyo kwa nia iliyo wazi ya kujaza hoteli wakati wa sikukuu. Jambo la kushika ni kwamba boli si mali ya chuo, wala ya jumuiya za vyuo ambamo timu hushindana, wala ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo na ambacho kwa boli hutoa leseni tu. Mara nyingi mchezo huendeshwa na kamati ya mji, na kamati hiyo kisheria ni shirika lisilo la kifaida, lililosamehewa kodi kwa hoja kwamba linahudumia jamii.

Fiesta Bowl ilizaliwa kutokana na manung'uniko ya haki. Mwaka 1970 timu ya Arizona State, chini ya kocha Frank Kush, ilimaliza msimu bila kufungwa, lakini boli kubwa hazikuitazama kwa kuwa ilitoka katika jumuiya ya vyuo vya magharibi isiyoheshimiwa sana. Wafanyabiashara wa eneo la Phoenix wakaamua kutengeneza mchezo wao ambao bingwa wa jumuiya hiyo angekuwa na nafasi ndani yake. Tarehe 27 Desemba 1971, katika uwanja wa Sun Devil mjini Tempe, Arizona State iliishinda Florida State 45 kwa 38. Waandaaji walikuwa watu wa kujitolea waliovaa makoti ya manjano, na makoti hayo yakawa alama yao.

Mchezo ulioanza pembeni namna hiyo haukuwa na historia ya kuuza, kwa hiyo uliuza kitu ambacho boli zenye historia ziliona haya kukiuza, yaani jina lenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 Fiesta Bowl ilikuwa miongoni mwa boli za mwanzo kabisa kuliweka jina la kampuni mbele ya jina lake, ikawa Sunkist Fiesta Bowl, kwa jina la ushirika wa wakulima wa machungwa. Faida ilionekana mara moja. Mwishoni mwa msimu wa 1986, timu mbili zilizoongoza orodha ya taifa, Miami na Penn State, hazikuwa zimefungwa na jumuiya yoyote, hivyo zingeweza kwenda popote zilikoalikwa. Boli za zamani zilibanwa na mikataba yao na mabingwa wa jumuiya. Fiesta Bowl ilikuwa na nafasi mbili wazi, na ilikuwa na fedha za mdhamini. Ikazipata timu zote mbili, ikausogeza mchezo hadi usiku wa tarehe 2 Januari 1987 ili usishindane na mingine, na mamilioni ya Wamarekani wakatazama Penn State ikishinda 14 kwa 10 baada ya kunasa mipira mitano ya mrushaji wa Miami, Vinny Testaverde. Ni mojawapo ya michezo ya vyuo iliyotazamwa zaidi katika historia ya televisheni ya nchi ile.

Usiku ule ulibadili zaidi ya hadhi ya Fiesta Bowl. Katika misimu michache iliyofuata Sugar Bowl ilibeba jina la kampuni ya bima, Cotton Bowl jina la kampuni ya mafuta, na Orange Bowl jina la kampuni ya kusafirisha vifurushi. Rose Bowl ndiyo iliyosita kuliko zote. Ilipokubali mdhamini, mwishoni mwa miaka ya 1990, ililiweka jina lake nyuma ya jina la mchezo badala ya mbele. Nalitaja hili kwa sababu udhamini wa jina si tangazo la kawaida. Tangazo hukaa ubaoni na mtazamaji anaweza kulipuuza. Jina la mdhamini hutamkwa na mtangazaji, huandikwa katika magazeti, hushonwa katika jezi na kuchorwa katikati ya uwanja, na mtu hawezi kuutaja mchezo kwa jina lake rasmi bila kuitaja kampuni. Kampuni hununua kitu hicho tu. Hainunui kiti katika bodi, hainunui haki ya kukagua hesabu, wala haihitaji, kwa kuwa kitu ilicholipia hupatikana chote ndani ya saa nne za matangazo.

Fundisho la pili alilolipata kila aliyefanya kazi katika ofisi zile lilikuja mwaka 1990, na sidhani kwamba mambo ya baadaye yanaeleweka bila hilo. Novemba mwaka huo wapiga kura wa Arizona walikataa kuifanya siku ya kumbukumbu ya Martin Luther King kuwa sikukuu yenye malipo. Ligi ya kulipwa, NFL, iliuondoa jimboni mchezo wa fainali yake uliokuwa umepangwa kuchezwa mwaka 1993. Fiesta Bowl ilijikuta ikihangaika kutafuta timu ambazo zingekubali kuja, hadi ikawapata Louisville na Alabama kwa mchezo wa tarehe 1 Januari 1991, huku ikiahidi fedha za masomo kwa wanafunzi wa jamii za wachache. Kufikia mchezo wa mwaka 1992 haikuwa na mdhamini wa jina. Shirika lilikuwa limeponea chupuchupu, na lililolifikisha hapo halikutoka uwanjani. Lilikuwa uamuzi wa siasa ambao halikuwa na sauti ndani yake. Uongozi uliodumu baada ya hapo ulijua vizuri sana kwamba wanasiasa wa jimbo wanaweza kuijenga boli au kuiangusha.

Miaka kumi baadaye siasa hiyohiyo iliijenga. Novemba 2000 wapiga kura wa Kaunti ya Maricopa waliidhinisha kodi za vyumba vya hoteli na magari ya kukodi ili kugharimia, pamoja na mambo mengine, uwanja mpya mjini Glendale. Uwanja huo, wenye paa linalofunguka na nyasi zinazosukumwa nje kwenye sahani kubwa ili zipate jua, uligharimu takriban dola milioni 455, ukafunguliwa mwaka 2006, na Fiesta Bowl ikahamia humo kwa mchezo wa tarehe 1 Januari 2007, Boise State ilipoishangaza Oklahoma 43 kwa 42 katika muda wa nyongeza. Aliyeutazama mchezo ule hausahau, na mimi sioni sababu ya kuacha kuupenda kwa ajili ya yaliyofanyika ofisini. Hata hivyo ni lazima kusema kwamba uwanja uliouwezesha ulitoka katika kura na sheria, na kwamba waliokuwa wakiwapeleka wabunge wa jimbo kutazama michezo katika miji mingine, kwa gharama ya shirika, walikuwa wakilinda kitu walichokithamini sana.

Wakati huo jina lilikuwa la chipsi za mahindi. Tostitos, bidhaa ya Frito-Lay iliyo chini ya PepsiCo, ililiingiza jina lake kwa mchezo wa Januari 1996 na kubaki hadi Januari 2014. Tangu msimu wa 1998 Fiesta Bowl ilikuwa pia mmoja wa michezo minne ya mfumo wa BCS, ambao ulizikutanisha timu bora na kugawanya fedha nyingi za televisheni kwa jumuiya za vyuo. Kuwa ndani ya BCS kulimaanisha uhai wa kifedha, na kuwa nje kulimaanisha kurudi kuwa mchezo wa mji. Mlangoni kulikuwa na mshindani: Cotton Bowl ya Dallas, ambayo tangu Januari 2010 ilichezwa katika uwanja mpya mkubwa kuliko ule wa Glendale. Hivyo Fiesta Bowl ililazimika kuwafurahisha watu wa aina tatu kwa wakati mmoja, yaani wadhamini, wanasiasa wa Arizona, na viongozi wa michezo wa vyuo waliokuwa na kauli juu ya BCS. Kwa hawa wa mwisho kulikuwa na mkutano wa kila mwaka katika hoteli ya kifahari, ulioitwa Fiesta Frolic, wenye gofu na mapumziko, ambao makocha na wakurugenzi wa michezo walialikwa.

Sheria ya kodi ya Marekani hulisamehe shirika la namna hii kwa masharti, na mojawapo ni kwamba lisishiriki kwa namna yoyote katika kampeni ya mgombea wa siasa. Ndiyo maana hundi zilipitia mifuko ya wafanyakazi na, wakati mwingine, ya wenzi wao wa ndoa. Lililonisumbua katika mpango huu ni ujanja wake wa kuwafunga watu. Mfanyakazi aliyeandika hundi na kupokea bonasi alikuwa tayari ameingia katika kosa, awe alijua au hakujua, na kuanzia siku hiyo kumsema bosi kulikuwa ni kujisema mwenyewe. Shirika lenye wafanyakazi wachache, wanaokula pamoja na kusafiri pamoja, likawa limeshonwa kwa uzi mmoja wa siri, na uzi huo ulishonwa kwa fedha za hisani.

Desemba 2009 gazeti la Arizona Republic liliandika kwamba wafanyakazi wa zamani na wa wakati ule walikuwa wakizungumzia marejesho hayo. Ilikuwa wiki chache tu kabla ya mchezo wa Januari 2010 baina ya Boise State na TCU. Bodi ilimkabidhi uchunguzi Grant Woods, mwanasheria mkuu wa zamani wa jimbo, naye katika siku chache tu akahitimisha kwamba hapakuwa na ushahidi wa kuaminika. Wafanyakazi wachache ndio waliohojiwa. Bodi ilipokea jibu hilo kwa nafuu na mchezo ukachezwa.

Hapa ndipo naona kosa la bodi lilipokuwa zito kuliko la mtu yeyote mwingine. Wajumbe wake hawakuwa wezi. Walikuwa watu wa heshima mjini, mawakili na wafanyabiashara, wengi wao wamevaa koti la manjano kwa miaka mingi bila kulipwa, na waliipenda Fiesta Bowl kwa dhati. Lakini upendo wa namna hiyo hutaka habari njema. Swali waliloulizwa lilikuwa kama watumishi walirudishiwa michango, na lingeweza kujibiwa kwa kulinganisha tarehe za hundi zilizotangazwa hadharani na tarehe za bonasi katika hesabu zao wenyewe. Orodha za michango ya kampeni ni kumbukumbu za umma nchini Marekani. Vitabu vya mishahara vilikuwa kabatini mwao. Hakuna aliyeviweka pamoja.

Vilikuja kuwekwa pamoja baada ya msaidizi wa Junker mwenyewe, aliyekuwa akiratibu mambo yake ya kila siku, kumwendea mwenyekiti wa bodi mwaka 2010 na kumweleza kwamba marejesho yalikuwa ya kweli na kwamba uchunguzi wa kwanza ulikuwa umepotoshwa. Ninamtaja kwa cheo chake tu, lakini ninamheshimu sana. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, kwani yeye naye alikuwa amenufaika. Ripoti iliyofuata ilionyesha kwamba shirika lilikuwa limegharimia harusi na fungate yake kwa zaidi ya dola 13,000. Safari hii bodi iliunda kamati maalumu ambayo ndani yake alikuwemo Ruth McGregor, jaji mkuu mstaafu wa Mahakama ya Juu ya Arizona, ikaajiri kampuni ya mawakili kutoka nje, na ikawapa muda.

Ripoti yenye kurasa 276 ilitolewa tarehe 29 Machi 2011, na siku hiyohiyo Junker alifukuzwa kazi. Mbali na marejesho ya michango, ilikuwa na orodha ndefu ya matumizi. Sherehe ya miaka 50 ya kuzaliwa kwa Junker, huko Pebble Beach, California, iligharimu dola 33,188. Dola 95,000 zililipwa ili kucheza gofu na Jack Nicklaus. Dola 1,241 zilitumika usiku mmoja katika klabu ya wacheza uchi. Kulikuwa na uanachama wa klabu kadhaa za gofu, posho za magari, na tiketi na safari za wanasiasa. Magazeti yaliing'ang'ania klabu ya wacheza uchi, kama ilivyotarajiwa, na hivyo jambo dogo kuliko yote kwa kiasi likawa kubwa kuliko yote kwa kelele. Mimi nadhani gofu ya dola 95,000 inasema mengi zaidi, kwa kuwa haikufichwa. Iliandikwa, ikaidhinishwa, ikalipwa, na iliweza kutetewa kwa maneno yaleyale yaliyoweza kutetea kila kitu, kwamba kuwafurahisha watu wakubwa ndiyo kazi ya boli.

Sasa ni lazima kuwatazama wale ambao bila wao hakuna mchezo. Tarehe 5 Januari 2009 Ohio State ilifungwa na Texas 24 kwa 21 katika Fiesta Bowl, na mrushaji kijana wa Ohio State, Terrelle Pryor, akapewa tuzo ya mchezaji mwenye nidhamu. Tarehe 23 Desemba 2010, wakati mawakili walikuwa tayari wanaifukua hesabu ya Fiesta Bowl, NCAA ilitangaza kwamba Pryor na wenzake wanne watafungiwa michezo mitano ya msimu uliofuata. Kosa lake lilikuwa kuuza vitu vyake mwenyewe, vikiwemo pete ya ubingwa na ile tuzo ya Fiesta Bowl, na akaamriwa kulipa dola 2,500 kwa kazi ya hisani. Sheria ya wakati huo haikumruhusu mchezaji kupata fedha kutokana na jina au sifa yake ya michezo, na zawadi alizoweza kupewa na waandaaji wa boli zilikuwa na kikomo cha mia chache za dola. Sisemi kwamba kijana yule hakujua kanuni. Ninasema kwamba nimeziweka tarehe hizi mbili karibu, Desemba 2010 na Machi 2011, na siwezi kuzitenganisha. Tuzo ilikuwa na jina la Fiesta Bowl. Aliyeiuza aliadhibiwa haraka, kwa kiasi kinachojulikana, na chama ambacho kwa miaka mingi kiliipa Fiesta Bowl leseni bila kuzitazama bonasi zake.

Vyuo vyenyewe navyo vililipa. Tarehe 1 Januari 2011 Connecticut ilicheza Fiesta Bowl dhidi ya Oklahoma na kufungwa 48 kwa 20. Kwa masharti ya ushiriki, chuo kililazimika kubeba tiketi 17,500 kwa bei iliyopangwa, nacho kiko upande wa pili wa nchi, maelfu ya kilomita kutoka Glendale. Mashabiki wengi hawakuweza kusafiri, na waliosafiri walipata tiketi za bei nafuu zaidi kwa wauzaji wengine mtandaoni. Tiketi nyingi zikabaki mikononi mwa chuo, na safari nzima ikakiachia hasara ya zaidi ya dola milioni 1.5. Kwa hiyo katika msimu mmoja tunaye mdhamini aliyelipa ili aonekane, televisheni iliyolipa ili ionyeshe, na chuo cha umma kilicholipa ili kicheze, na sehemu ya fedha hizo ikielekea kwa shirika ambalo wakati uleule lilikuwa linachunguzwa kwa kurudisha michango ya siasa. Siku tisa baadaye, katika uwanja uleule na chini ya waandaaji walewale, Auburn iliifunga Oregon 22 kwa 19 na kutwaa ubingwa wa taifa.

Adhabu zilikuja kutoka pande tofauti na kwa uzito tofauti. NCAA iliiweka leseni ya Fiesta Bowl chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja na kusimamisha kwa miaka mitatu utoaji wa leseni kwa boli mpya. BCS iliunda jopo chini ya Graham Spanier, rais wa chuo cha Penn State wakati huo, na Mei 2011 ikaitoza Fiesta Bowl faini ya dola milioni 1, zielekezwe kwa vijana wa Arizona, badala ya kuitoa katika mfumo. Naelewa hoja ya kutoifukuza. Wafanyakazi wasio na hatia, mji uliojenga uwanja, na maelfu ya watu wa kujitolea wangeumia kwa makosa ambayo hawakuyatenda. Lakini faini hiyo ililipwa na shirika, maana yake ilitoka katika chungu kilekile cha udhamini, tiketi na televisheni, na waliokaa kuhukumu walitoka katika tabaka lilelile la viongozi wa vyuo waliokuwa wakialikwa Fiesta Frolic. Sidai kwamba walipendelea. Nadai kwamba mfumo ambao wageni ndio waamuzi hauwezi kumwonyesha mtu wa nje kwamba haukupendelea.

Upande wa serikali ulikwenda polepole. Februari 2012 Junker alikiri kosa la jinai mbele ya mahakama ya jimbo, na watumishi wengine kadhaa walikiri makosa madogo zaidi. Kesi ya serikali kuu ilimalizika Machi 2014 kwa kifungo cha miezi minane. Kuhusu wabunge wa jimbo waliopokea tiketi na safari, mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Maricopa alikuwa ameamua mwishoni mwa mwaka 2011 kutowashtaki, kwa kuwa sheria za kutangaza zawadi hazikuwa wazi kiasi cha kuthibitisha nia ya kosa. Wagombea waliopokea zile hundi nao hawakushtakiwa. Fedha ilikuwa na ncha mbili, ya mtoaji na ya mpokeaji, na kesi iliishika ncha moja.

Nimejiuliza kama ni haki kumlaumu mdhamini. Mtu anaweza kusema, na kwa sababu nzuri, kwamba kampuni ya chipsi si mkaguzi wa hesabu, kwamba ilitimiza mkataba wake, na kwamba kuitaka ifuatilie matumizi ya shirika huru kungeipa mamlaka juu ya mchezo ambayo hakuna anayetaka iwe nayo. Hoja hiyo ingenishawishi kama udhamini ungeuzwa kwa shirika la kibiashara lenye wanahisa. Mwenye hisa huuliza. Fiesta Bowl haikuwa na mwenye hisa. Ilikuwa na umma wa Arizona, ulioisamehe kodi, na umma huo haukuwa na mwakilishi mezani. Katika hali hiyo mlipaji mkubwa ndiye pekee ambaye swali lake lingejibiwa siku hiyohiyo. Sharti moja tu katika mkataba, kwamba hesabu zilizokaguliwa na malipo ya viongozi viwekwe wazi kila mwaka, lisingemgharimu Frito-Lay chochote na lisingegusa mchezo uwanjani. Mshahara wa Junker ulizidi dola 500,000 kwa mwaka, na uliweza kusomwa na yeyote aliyeomba ripoti ya kodi. Kilichokosekana ni mtu mwenye sababu ya kuuliza ni kwa kipimo gani shirika la hisani linamlipa hivyo mkurugenzi wake.

Fiesta Bowl yenyewe ilijirekebisha kwa kiasi fulani. Juni 2011 ilimteua Robert Shelton, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Arizona, kuwa mkurugenzi mtendaji, mtu aliyetoka nje ya ukoo wa makoti ya manjano, na matumizi ya starehe yakabanwa. Mfumo mpya wa mchujo ulipoanza msimu wa 2014, iliendelea kuwa miongoni mwa boli sita zilizochaguliwa kupokezana nusu fainali, na Cotton Bowl nayo ikaingia, kwa hiyo hofu ya kupokonywa nafasi ikapungua. Udhamini wa jina haukubadilika tabia. Baada ya Tostitos ikaja Vizio ya televisheni kwa mchezo wa Desemba 2014, kisha BattleFrog, kampuni ya mbio za vikwazo, iliyoupa jina lake mchezo wa tarehe 1 Januari 2016 baina ya Ohio State na Notre Dame na ambayo kufikia Agosti mwaka huohuo ilikuwa imesimamisha shughuli zake. PlayStation ikafuata, na baadaye Vrbo.

Badiliko kubwa zaidi lilitokea nje ya Arizona. Mchezo wa Penn State na Miami, tarehe 2 Januari 1987, ulichezwa tayari ukibeba jina la wakulima wa machungwa. Tarehe 1 Julai 2021, zaidi ya miaka 34 baadaye, wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuuza majina yao wenyewe, na kitendo ambacho Terrelle Pryor alifungiwa kwa ajili yake kikaanza kufanywa na wengine kwa mikataba iliyosainiwa.